Paipu ya Breki Mbele ya Moto

Paipu ya breki ya gari dogo ni mrija wa chuma laini wenye kipenyo cha nje cha milimita 4.75, yaani inchi 3/16, na ukuta wenye unene wa milimita 0.7 hivi. Kazi yake ni kusafirisha mafuta ya breki kutoka masta silinda hadi magurudumuni, chini ya mgandamizo ambao, dereva akikanyaga kwa nguvu, waweza kufika baa 100. Gari likishageuzwa skrapu, mrija huo hupata kazi ya pili mikononi mwa wanaopenda kuunda vitu kwa raha zao: kibebeo kidogo cha baiskeli, kishikio cha taa, chesisi ya gari la kuchezea, mkono wa mtambo wa maonyesho ya sayansi shuleni. Vipande huunganishwa kwa kulehemu, yaani kwa kuyeyusha rodi ya metali nyingine kati ya vyuma viwili ambavyo vyenyewe haviyeyuki. Wataalamu wameweka mpaka kwenye nyuzi 450 za Selsiasi. Rodi inayoyeyuka chini ya hapo ni lehemu laini ya fundi redio. Inayoyeyuka juu ya hapo ni lehemu ngumu, na hiyo ndiyo inayozungumzwa hapa.

Mji wa Kiritiri, makao makuu ya Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, una paipu hizi kwa sababu ya muguka, jani la kutafunwa. Jani hilo likishachumwa hushindana na saa, kwa hiyo Probox na pikapu zinazolibeba hukimbizwa, na breki zake huchoka mapema kuliko za gari la kwenda kanisani tu. Gereji inayoshughulika na breki haikosi furushi la paipu zilizong'olewa, zikiwa na nati zake ncha zote mbili. Mjadala unaofuata una sauti tatu: fundi mzee wa gesi, kijana wa jua kali anayeokota na kuunda, na mwalimu wa ufundi. Si watu fulani. Ni misimamo mitatu inayokutana kipande cha paipu kinapobanwa kwenye jiriwa.

Kijana ndiye huanza, na hoja yake ni fupi: "Mzee, paipu ni paipu. Ni chuma, ina tundu katikati, inapinda kwa mkono. Cha kuchagua ni nini?"

Fundi hajibu kwa maneno. Huchukua tupa laini, akanoa ncha ya paipu kwa mshazari mpaka ing'are, kisha akamwonyesha. Katikati ya ukuta wa chuma kumepita mstari mwembamba mwekundu. Mstari huo ni shaba. Paipu ya breki ya kawaida haitengenezwi kwa bati lililokunjwa mara moja na kuchomelewa mshono. Ni ukanda mwembamba wa chuma uliopakwa shaba, ukaviringishwa mara mbili kamili hadi ukawa na kuta mbili zilizobanana, kisha ukapitishwa kwenye tanuri ambamo shaba iliyeyuka na kuzishika kuta hizo zikawa ukuta mmoja. Mbinu hiyo ilienezwa na kampuni ya Bundy ya Detroit, Marekani, tangu miaka ya 1920, na hadi leo paipu za namna hiyo huitwa kwa jina lake katika viwanda vingi. Maana yake ni kwamba mtu anayelehemu paipu ya breki analehemu kitu ambacho tayari kimelehemiwa. Shaba safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Mwali wa oksijeni na asetilini huzidi nyuzi 3,000. Mkono ukizubaa sekunde chache, kiungo kinachoyeyuka si kile kinachotengenezwa, bali kile cha kiwandani.

Baada ya hapo uchaguzi unaanza kuwa na maana. Sumaku ndiyo kipimo cha kwanza. Paipu isiyonaswa na sumaku, na ambayo ikikwaruzwa huonyesha wekundu hafifu, ni ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hiyo hulehemika kwa urahisi, lakini ni laini na haifai kwa kitu kitakachobeba uzito. Isiyonaswa, au inayonaswa kwa shida, na yenye kung'aa kama kijiko cha hotelini, ni ya stenlesi, nayo hudai fluksi yake maalumu, yaani dawa ya kusafishia chuma wakati wa kulehemu, anayeanza aiache. Ile inayonaswa barabara ndiyo chuma laini. Hapo hutazamwa ncha iliyonolewa: ikiwa na mstari wa shaba ni ya kuta mbili, ikiwa haina huenda ni paipu ya mafuta ya petroli yenye ukuta mmoja, nayo pia inafaa kwa kazi ya mapambo mradi ukuta wake haujaliwa na kutu.

Kutu ndiyo inayoleta mabishano ya kweli kati ya kijana na mwalimu. Kijana hutetea skrapu. Paipu ya zamani ni ya bure au karibu na bure, ndefu za kutoka mbele hadi nyuma ya gari zinatosha kibebeo kizima, na chuma kilichokwisha kufanya kazi kimethibitisha uzima wake. Mwalimu hushika hoja hiyo ya mwisho. Paipu iliyong'olewa, anasema, mara nyingi imeng'olewa kwa sababu imeshindwa. Magari mengi ya Kenya yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na sehemu za kaskazini za nchi hiyo barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Chumvi hula paipu kutoka nje, hasa pale iliposhikwa na klipu. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo kutu huweza kuanza ndani pia, mahali ambapo jicho halifiki. Tundu la kutu lenye upana wa kichwa cha sindano halionekani mpaka moto ulipanue.

Fundi huwaamua kwa njia ya kati, na njia hiyo inaonekana kuwa sahihi. Skrapu ichaguliwe kipande kwa kipande, si kwa furushi. Sehemu zilizokuwa chini ya klipu zikatwe na kutupwa. Sehemu iliyopindwa ikanyooshwa ikapindwa tena isitumike kwenye kiungo, kwa sababu chuma kilichochoshwa hivyo huwa kigumu na chepesi kupasuka. Anayehitaji urefu ulionyooka bila kovu anunue koili mpya dukani. Koili ya kawaida huwa na futi 25, karibu mita 7.6, na ikigawanywa kati ya watu wawili watatu wenye miradi, bei haimuumi mtu. Kuna pia suala la sheria ambalo kijana hulipuuza. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara ya vyuma hivyo kwa muda baada ya minara ya umeme kuharibiwa. Iliporudishwa baadaye mwaka huo, iliwekewa masharti makali zaidi ya leseni. Kuokota paipu tatu gerejini kwa ruhusa ya mwenyewe si biashara ya skrapu. Kununua magunia ya vyuma visivyojulikana vilikotoka ni habari nyingine.

Jambo linaloamua zaidi ya umri wa paipu ni koti lake. Hapa sauti ya mwalimu hupanda, na ana haki.

Chuma kitupu hushika kutu siku chache tu, kwa hiyo viwanda huvika paipu za breki vazi la kinga. Vazi la kawaida ni zinki, au zinki iliyochanganywa na metali nyingine kidogo. Juu ya zinki huweza kuwa na rangi ya manjano inayometameta kama mafuta juu ya maji. Hiyo ni tabaka la kromiamu, na katika paipu za zamani kromiamu hiyo huwa ya aina inayosababisha saratani. Magari mengi ya karibuni huongeza plastiki ya kijani au nyeusi juu ya hayo yote. Magari ya zamani sana huweza kuwa na paipu za kijivu kilichofifia zilizovikwa mchanganyiko wa risasi na bati. Zikikwaruzwa kwa ukucha au ncha ya kisu, vazi hilo huburuzika badala ya kubanduka.

"Moto wenyewe utayachoma hayo," kijana husema. "Zinki inaungua, moshi mweupe unaenda zake, kazi inaendelea. Mabati tunachomelea kila siku."

"Na kila jioni unatetemeka kama mwenye malaria, kisha unakunywa maziwa," fundi humjibu. "Maziwa hayajawahi kutoa zinki kifuani, kijana wangu."

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907, karibu kabisa na joto linaloyeyusha rodi ya brasi. Kwa hiyo anayelehemu kwa brasi juu ya zinki huigeuza mvuke mbele ya uso wake. Mvuke huo hugeuka unga mweupe hewani, na anayeuvuta hupata homa ya saa kadhaa, baridi na maumivu ya viungo. Homa hiyo hupita. Ya plastiki ni mbaya zaidi: baadhi ya makoti ya kijani yana fluorini ndani yake, na yakiungua hutoa haidrojeni floridi, gesi inayochoma mapafu. Ya risasi haina dalili za haraka, na ndiyo maana ni ya kuogopwa. Paipu yenye koti la risasi isitumiwe kabisa, hasa kwa chombo chochote kitakachopitisha kinywaji, iwe maji au pombe inayopikwa porini usiku.

Koti, basi, huondolewa kabla ya moto, tena mbali na kiungo: sentimita 5 kila upande ni kipimo kizuri. Plastiki hukwanguliwa kwa kisu, haichomwi. Zinki hutolewa kwa msasa uliolowa maji, ili vumbi lisiruke, mpaka chuma cha kijivu kinachofanana kote kionekane. Wengi hupendelea asidi. Siki huila zinki polepole. Asidi ya betri iliyozimuliwa huila upesi, ikitoa viputo vya haidrojeni, gesi inayowaka, hivyo sigara na moto viwe mbali. Kanuni ya asidi ni moja: asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Na chombo kilichokuwa na dawa ya kung'arishia nguo kama Jik kisitumiwe, kwa kuwa asidi ikikutana na dawa hiyo hutoa klorini. Viputo vikikoma, zinki imekwisha. Paipu huoshwa kwa maji yenye magadi, hukaushwa, na kulehemiwa siku hiyohiyo. Ikilala usiku mmoja hushika kutu ya rangi ya chai, na kazi huanza upya.

Ndani ya paipu nako kuna koti, la mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hukubali maji, kwa hiyo maji ya moto na sabuni, yakipitishwa kwa bomba la sindano, huyatoa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Spiriti hufuata, kisha hewa. Kinachotumiwa sana gerejini ni petroli, na petroli iliyobaki ndani ya mrija mrefu ni bunduki iliyojazwa. Dawa ya kopo ya kusafishia breki ina hatari nyingine inayojulikana na wachache: baadhi yake hutengenezwa kwa viyeyusho vyenye klorini, na mabaki yake yakipata moto na mwanga mkali wa kuchomelea huweza kutoa fosjini, ile gesi iliyotumiwa vitani mwaka 1915. Kopo ambalo lebo yake ina neno lenye kloro lisikaribie kazi ya moto hata kwa kufutia mikono.

Katika suala la rodi, wote watatu hutofautiana, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

Kijana hutoa mfukoni rodi nyekundu aliyopewa na fundi wa friji. Inateleza kwenye shaba bila fluksi yoyote, inayeyuka mapema, na muuzaji aliiita silva. Mwalimu humwambia aiweke kando. Rodi hiyo ni ya shaba na fosforasi, wakati mwingine ikiwa na asilimia 5 au 15 ya fedha, na fosforasi ndiyo inayoifanya isihitaji fluksi kwenye shaba. Ikigusa chuma, fosforasi hiyo hiyo huungana na chuma na kufanya tabaka gumu linalovunjika kama kigae. Kiungo hupendeza. Hung'aa, hujaa, hakivuji. Kisha kitu kinaanguka sakafuni mara moja na paipu inabanduka safi, ikiacha upande mmoja alama ya kijivu. Kwenye pakiti, rodi za aina hiyo huandikwa BCuP au CuP. Zile za fedha zinazofaa chuma huandikwa BAg au Ag. Rodi iliyotolewa kwenye pakiti yake na kuuzwa moja moja haina ushahidi, na kwenye chuma isiaminiwe.

Fundi mzee ni mtu wa brasi. Rodi ya brasi ni mchanganyiko wa shaba kama asilimia 60 na zinki karibu 40, pamoja na bati au silikoni kidogo. Huyeyuka karibu na nyuzi 900, hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya kuchomelea, na fluksi yake ya msingi ni boraksi. Ushahidi wake ni baiskeli ya Black Mamba. Fremu za baiskeli hizo ni mirija ya chuma iliyochomekwa kwenye viungo na kujazwa brasi, nazo zimebeba magunia ya makaa na mitungi ya maji kwa miaka mingi bila kuachana. "Kama brasi inabeba gunia la makaa kutoka Mbeere," husema, "itabeba kishikio chako cha taa."

Mwalimu hakatai. Hoja yake ni kwamba mirija ya Black Mamba ina ukuta mnene kuliko huu wa milimita 0.7, na kwamba kati ya nyuzi 900 za brasi na 1,085 za shaba iliyo ndani ya ukuta, nafasi ya kukosea ni ndogo kwa mkono usiozoea. Tena brasi iliyoyeyuka ina tabia ya kupenya kwenye chuma kilicho chini ya mvuto na kukipasua; kona iliyopindwa baridi karibu na kiungo huweza kufunguka ufa wakati brasi inapomiminika. Kinga ni kupinda kwanza, kisha kuipasha kona hiyo mpaka iwe nyekundu na kuiacha ipoe polepole, ndipo ilehemiwe. Yeye hupendelea rodi ya fedha. Yenye fedha asilimia 45 bila kadmiamu hutiririka kwenye nyuzi 680 hivi, yenye asilimia 56 kwenye 655 hivi, na hapo shaba ya ndani ya ukuta iko salama kabisa.

Neno kadmiamu lisipite bila kuelezwa. Rodi za fedha za zamani ziliwekewa metali hiyo ili zitiririke vizuri na mapema. Moshi wake umeua mafundi, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwa kazi nyingi tangu mwaka 2011. Zikionekana dukani, zikiwa na herufi Cd kwenye orodha ya viambato, ziachwe hapo hapo.

"Lakini bei, mwalimu," kijana husema. Bei ya rodi hiyo hufuata bei ya fedha duniani, na hakuna anayekana kuwa iko juu. Hesabu, hata hivyo, iko upande wa mwalimu. Kiungo ambacho paipu ya milimita 4.75 imeingia ndani ya nyingine kwa milimita 6, na kuacha mwanya wa milimita 0.1 kuizunguka, hujazwa na milimita za ujazo 9. Waya wa fedha wenye unene wa milimita 1.5 hutoa kiasi hicho kwa urefu wa nusu sentimita. Anayemaliza rodi nzima kwenye kiungo kimoja hana shida ya bei. Ana shida ya mwanya. Ndiyo maana ushauri unaofaa hugeuza desturi ya gereji: mgeni wa kazi hii atumie rodi ya ghali, na aliyezoea moto ndiye atumie ya rahisi.

Mwanya huo ndio siri ya kazi yote, na kwa bahati paipu za breki zimeutengeneza zenyewe. Lehemu ngumu haijazi mashimo. Huvutwa na wembamba wa nafasi, jinsi mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Mwanya mzuri ni kati ya milimita 0.05 na 0.15 kila upande. Sasa paipu ya inchi 1/4 ina kipenyo cha nje cha milimita 6.35, ukitoa kuta mbili za 0.7, tundu lake ni milimita 4.95. Paipu ya milimita 4.75 ikiingia humo, inabaki milimita 0.2, yaani 0.1 kila upande. Paipu ya inchi 5/16 nayo huipokea ile ya inchi 1/4 kwa mwanya ule ule. Kwa hiyo kipande kifupi cha paipu ya ukubwa unaofuata ndicho kiungo bora cha kuunganisha mbili ndogo, na hakihitaji mashine ya kuchonga. Kinachokataliwa na sauti zote tatu ni kuziweka ncha mbili uso kwa uso na kuzipaka rodi juu juu. Ukuta wa milimita 0.7 hauna eneo la kushikwa.

Kukata ni kwa msumeno wa meno laini, 32 kwa inchi, au kwa kikatio cha gurudumu. Hicho cha pili huusukuma ukingo ndani, na ukingo huo lazima utolewe kwa ncha ya kisu au biti ya drili. Pale paipu moja inapogonga nyingine ubavuni, ncha huchongwa kwa tupa ya duara mpaka ikumbatie mgongo wa mwenzake bila mwanga kupita. Kupinda kwaweza kufanywa kwa mkono kuzunguka gurudumu la mbao, na kona isiwe kali kuliko mara tatu ya kipenyo cha paipu. Wanaojaza mchanga ili paipu isibonyee wauchome kwanza ukauke. Mchanga wenye unyevu ukifungiwa ndani na kupashwa moto hutoka kwa kishindo. Kwa sababu hiyo hiyo, kitu chenye mirija iliyofungwa pande zote lazima kiwe na tundu dogo la kupumulia, la milimita 2, kabla ya kiungo cha mwisho. Hewa iliyofungwa na kupashwa moto itajitafutia njia kupitia lehemu iliyo majimaji, na itaiacha na shimo.

Kuhusu moto wenyewe hakuna mengi ya kubishaniwa, isipokuwa jua. Jua kali ni jina la kazi na ni adui wa lehemu ya fedha. Chuma cha nyuzi 650 huwa na wekundu hafifu ambao kwenye mwanga wa mchana wa Kiritiri hauonekani kabisa. Fundi anayesubiri kuuona atakuwa amepita nyuzi 800 na kuiunguza fluksi. Kazi ifanywe kivulini, hata kama kivuli chenyewe ni mabati mawili yaliyoegeshwa. Fluksi hutoa ishara yake pia: ile ya fedha huchemka, hutulia, kisha huwa angavu na laini kama maji karibu na nyuzi 600, na hapo rodi huguswa. Boraksi huyeyuka kwenye nyuzi 743 na kufunika kiungo kama kioo. Mwali uelekezwe kwenye ile paipu ya nje iliyo nene, uzungushwe bila kusimama, na rodi iyeyushwe na chuma, isiyeyushwe na mwali.

Mtungi wa oksijeni na asetilini si lazima. Kwa mirija hii midogo, mwali wa gesi ya kupikia na matofali mawili matatu ya kuzuia joto hutosha kwa fedha. Brasi nayo yawezekana kwenye makaa yenye kipulizio cha mkono, na makaa ya Mbeere yakikizunguka kiungo hula oksijeni iliyo karibu, hivyo chuma hakipati magamba upesi. Hapo mzee na kijana hukubaliana.

Hukubaliana pia, baada ya kubishana kidogo, kwamba paipu iliyolehemiwa hairudi kwenye gari. Kijana huuliza kwa nini, ikiwa paipu nzima hustahimili mgandamizo mkubwa mara nyingi kuliko unaohitajika. Jibu la mwalimu ni kwamba anayesema hivyo anaisifu paipu, si kiungo. Joto limekilainisha chuma kando ya lehemu, na hapo ndipo mtikisiko wa barabara ya changarawe utakapofanya kazi yake. Ncha zenye nati hukatwa mapema, kabla ya kazi kuanza, ili kipande hicho kisije kikaokotwa gerejini na mtu mwenye haraka na kufungwa kwenye Probox.

Kiungo kikishapoa mpaka weusi urudi, bila kumwagiwa maji kikiwa chekundu, hutumbukizwa kwenye maji ya moto. Fluksi ya fedha huyeyuka humo kwa dakika kadhaa. Kioo cha boraksi huhitaji kugongwa kidogo na brashi ya waya. Isiachwe hata chembe, kwa kuwa mabaki ya fluksi hunyonya unyevu na kukila chuma chini ya rangi. Maji yaliyoingia ndani ya mirija hutolewa kwa kuipasha joto la kawaida ikiwa imeinamishwa, matone ya mafuta ya injini hupitishwa kupitia tundu la kupumulia, kisha tundu huzibwa kwa lehemu laini au kipande cha mpira na kitu hupakwa rangi ya msingi siku iyo hiyo.